Vilima vya Kisii na Nyamira vilivyozitoa jasho silaha za vita

UKITOKA Kisii mjini siku ya mvua, ushike barabara yoyote ya udongo inayopanda vijijini, haitachukua muda kabla hujakutana na lori la majanichai lililokwama. Magurudumu ya nyuma yanazunguka mahali pamoja yakirusha tope, turniboi amechutama akitia mawe chini ya tairi, na vijana wa kijiji wamejipanga nyuma wakingoja kuambiwa wasukume. Dereva, ambaye asubuhi alikuwa akijigamba kwamba injini yake haijui mlima, sasa amenyamaza kimya.

Hebu, msomaji, jaribu kuwazia kwamba lori hilo si la majanichai bali ni la jeshi. Limebeba risasi na chakula cha askari walio mbele, wanaosubiri. Kule ng'ambo ya bonde, juu ya kilima cha pili, adui ameketi na bunduki yake akilitazama. Je, nani atamwita nani aje kusukuma?

Vijana wengi wamezoea kuviona vita katika filamu. Humo kifaru hupita juu ya kila kitu, bunduki haikwami, na risasi haziishi. Wanajeshi wenyewe watakwambia kwamba mambo sivyo. Kabla jeshi halijapambana na adui hupambana kwanza na ardhi, na mara nyingi ardhi ndiyo inayoamua ni silaha gani zitafika vitani na zitafanya kazi gani zikifika.

Huna haja ya kwenda Ulaya wala Asia kujifunza jambo hili. Nchi ya Abagusii, ambayo leo ni kaunti za Kisii na Nyamira, imeona bunduki ya rashasha, mzinga na majeshi ya mataifa mawili ya Kizungu katika muda usiotimia miaka 10, kati ya 1905 na 1914. Yaliyotokea huko yanaeleza vizuri zaidi kuliko filamu yoyote jinsi mlima na tope vinavyoitoa silaha jasho, na pia ni nani hasa anayetokwa na jasho hilo.

Nchi isiyo na tambarare

Kwanza tuitazame nchi yenyewe. Ziwa Victoria liko kiasi cha mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Mji wa Kisii uko karibu mita 1,700. Ukizidi kupanda kuelekea Nyamira na Borabu, utafika penye vilima vinavyozidi mita 2,000. Upande mmoja kuna genge refu la Manga, ambalo ukisimama juu yake unaona mabonde yakishuka chini hadi macho yachoke. Mto Gucha huanzia vilima vya Kiabonyoru huko Nyamira, ukapinda na kupindua katikati ya milima kabla ya kuteremka hadi ziwani.

Mvua haiko mbali. Sehemu nyingi za nchi hii hupata zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka, na miezi ya Machi hadi Mei ndiyo inayonyesha zaidi. Mvua nyingine huja kuanzia Septemba. Udongo wake mwekundu ni mzito na wenye rutuba, ndiyo maana migomba, chai na kahawa hustawi. Lakini udongo huo huo ukilowa huteleza kama sabuni. Chini mabondeni kuna udongo mweusi na vinamasi ambamo ng'ombe huzama hadi magotini.

Kwa mkulima hiyo ni baraka. Kwa ofisa wa jeshi anayetaka kupitisha mzinga, ni balaa.

Uzito na tope

Watu wengi hudhani gari likiwa zito ndipo linapokwama. Si uzito peke yake. Kinachohesabika ni jinsi uzito huo unavyogawanywa juu ya ardhi.

Chukua mfano wa mtu anayetembea na mzigo begani. Kila sentimita moja ya mraba ya wayo wake huikandamiza ardhi kwa karibu nusu kilo. Kifaru cha tani 40, kwa kuwa kinatembea juu ya minyororo mipana, hukandamiza kwa takriban kilo moja tu kwa kila sentimita ya mraba. Lakini lori la kawaida lenye tairi zilizojazwa upepo sawasawa linaweza kukandamiza kwa kilo sita au saba. Basi usishangae ukiona mahali ambapo mama na kikapu chake cha ndizi amepita bila shida, kifaru kimepita kwa taabu kidogo, lakini lori limezama hadi ekseli.

Ndiyo sababu madereva wa jeshi hufundishwa kupunguza upepo wa tairi wakiingia kwenye tope au mchanga. Tairi ikilegea hutanuka, na gari hukanyaga mahali papana zaidi. Malori ya kijeshi pia huwa marefu kutoka ardhini, nguvu ya injini hufika kwenye magurudumu yote badala ya mawili, na mengi yana winchi ya kujivutia kwenye mti.

Hata hivyo, udongo wa Kisii una hila nyingine. Hunata. Huingia katika meno ya tairi na kuyajaza mpaka tairi inakuwa laini kama mandazi, na tairi laini haishiki. Hapo ndipo madereva wazoefu hufunga minyororo kwenye magurudumu. Kifaru nacho, licha ya minyororo yake mipana, hutatizika penye mteremko wa kando: badala ya kwenda mbele huserereka ubavu, na kikishaanza kuserereka hakuna breki itakayokizuia.

Kisha kuna mlima wenyewe. Barabara inayopanda mita 10 kwa kila mita 100 huonekana ya kawaida kwa mtu wa Kisii. Lakini lori la tani 10 likiipanda barabara hiyo, injini inatakiwa iongeze nguvu inayolingana na kuinua karibu tani moja nzima, mbali na nguvu ya kulisogeza mbele. Hewa nayo ni nyepesi huko juu. Injini isiyo na kifaa cha kuisukumia hewa hupoteza kiasi cha sehemu moja kati ya mia ya nguvu zake kila ikipanda mita 100. Ikifika Kisii kutoka pwani imepoteza karibu sehemu moja kati ya sita. Farasi uliyemnunua si farasi utakayempanda mlimani.

Wakati wa kuteremka mambo huzidi kuwa mabaya. Breki hupata moto hadi zikakataa kushika, na dereva hulazimika kutegemea gia ndogo. Na chini ya kila mteremko wa Gusii kuna mto, na juu ya mto kuna daraja lililojengwa kwa ajili ya pikipiki, matatu na malori ya chai. Daraja hilo halikumfikiria kifaru.

Bunduki nayo ina maringo

Usidhani silaha ikishafika juu ya kilima kazi imekwisha. Milima huzichezea silaha kwa njia ambazo askari mgeni hazijui.

Ukilenga shabaha iliyo chini bondeni kama unavyolenga penye tambarare, risasi itapita juu ya kichwa cha mlengwa. Sababu ni kwamba ardhi huivuta risasi chini kulingana na umbali wa ulalo tu, si umbali wote wa mteremko unaoupima kwa jicho. Kosa hilo hutokea pia ukilenga kuelekea juu. Askari aliyejifunza kupiga shabaha uwanjani huweza kumaliza risasi zake zote mlimani na asimpate mtu.

Halafu vilima vingi vya Gusii vimevimba katikati kama mgongo wa ng'ombe. Ukisimama kileleni unaona kilima cha ng'ambo vizuri, lakini huoni miguu ya kilima unachosimamia. Mtu anaweza kukupandia hadi akawa hatua 50 kutoka ulipo, na bunduki yako ya rashasha isimfae kitu kwa kuwa risasi huenda moja kwa moja, hazikunji kona. Kwa hiyo mwenye bunduki analazimika kushuka kidogo kutoka kileleni ili aone chini. Akishuka, naye anaonekana.

Mzinga una taabu zake. Gurudumu moja likiwa juu kuliko jingine, kombora huenda upande wa gurudumu la chini. Ukipigwa penye tope, mzinga hurudi nyuma na kujichimbia, na wapigaji hulenga upya kila mara. Kombora nalo likianguka kwenye udongo laini huzama kabla ya kulipuka, na vipande vyake vingi humezwa na ardhi. Askari aliyelala kwenye shamba la viazi lililolimwa jana ana bahati kuliko aliyelala juu ya mwamba.

Ama bunduki ya rashasha ya zamani, ile iliyoitwa Maxim, hiyo ilikuwa na kiu. Mtutu wake ulizungukwa na pipa la maji ya kuupoza, kiasi cha lita nne. Ikipigwa mfululizo, baada ya risasi 600 hivi maji yalianza kuchemka na kugeuka mvuke, na lazima yaongezwe. Kwa hiyo bunduki iliyokuwa juu ya kilima ilihitaji mtu wa kuteremka mtoni na debe. Mikanda yake ya risasi ilikuwa ya kitambaa. Ikilowa na mvua ilivimba, na bunduki ikakwama katikati ya kazi.

Mkuki na mraba wa chuma

Haya yote yalikuja kuonekana kwa macho huko Gusii mwaka 1905, serikali ya kikoloni ilipotuma jeshi kuwatiisha Abagusii. Jeshi hilo lilikuwa la askari wa King's African Rifles, yaani KAR au Keya kama wazee walivyoita, pamoja na polisi, na walikuja na bunduki ya rashasha.

Wapiganaji wa Abagusii waliijua kila njia ya nchi yao. Walijua wapi bonde linaficha watu na wapi pana kinamasi. Laiti wangalibaki katika mabonde hayo, bunduki ile ingekuwa na kazi ngumu. Lakini askari walijipanga katika mraba, bayoneti zikitazama nje, na wapiganaji wakaukimbilia mraba huo kwa mikuki na ngao. Kwa ushujaa wao waliipa Maxim kitu ilichokuwa ikikitaka, yaani watu waliosongamana mahali pa wazi, karibu, mbele ya mtutu. W. Robert Foran, ofisa wa polisi aliyekuwamo katika msafara huo, aliandika baadaye kwamba bunduki ilipigwa hadi ikawa karibu kuiva kwa moto, na kwamba mamia ya Abagusii waliachwa wamelala wakiwa wamekufa au wamejeruhiwa. Yeye mwenyewe alikiri kwamba yale hayakuwa mapigano bali mauaji.

Miaka mitatu baadaye mambo yalichukua sura nyingine. Januari 1908 kijana aitwaye Otenyo, akihimizwa na mwanamke mwaguzi aliyeitwa Moraa wa Ngiti, alimvizia Mkuu wa Wilaya G.A.S. Northcote akiwa safarini na kumchoma mkuki. Northcote alipona, na miaka mingi baadaye alikuja kuwa gavana wa Hong Kong. Lakini ona tofauti. Hapakuwa na kukimbilia mraba. Penye njia nyembamba na kichaka, mkuki wa hatua chache ulifika mahali ambapo Maxim haikuwa na nafasi ya hata kutolewa begani.

Serikali ilijibu kwa kutuma jeshi kubwa lililochoma vijiji na kuteka mifugo. Mauaji yalikuwa mengi hata Winston Churchill, wakati huo naibu waziri wa makoloni huko London, akatuma simu kuuliza kama kulikuwa na haja ya kuendelea kuwaua watu wasio na kinga kwa kiasi kile. Milima iliwaficha wapiganaji. Nyumba, mashamba na ng'ombe havikuwa na pa kujificha.

Jumamosi ya Septemba 12, 1914

Vita Vikuu vya Kwanza vilipoanza Agosti 1914, Uingereza ilitawala upande huu wa mpaka na Ujerumani upande wa Tanganyika. Mwezi uliofuata kikosi cha Wajerumani chini ya Kapteni Bock von Wülfingen kilivuka mpaka karibu na ziwa na kuingia Kisii mjini. Kilikuwa na Wazungu zaidi ya 50, askari Waafrika zaidi ya 250, na wapiganaji wasaidizi. Kilikuja na bunduki tatu za rashasha na mzinga mdogo wa milimita 37. Kutoka Karungu ziwani hadi Kisii ni zaidi ya kilomita 70 za kupanda, na mwezi Septemba mvua za pili za mwaka huanza kunyesha.

Waingereza nao walipeleka askari wa KAR chini ya Kapteni E.G.M. Thorne. Walivuka kwa meli hadi Kendu Bay, kisha wakaenda kwa miguu kilomita 45 hivi, wakipanda zaidi ya mita 500. Walikuwa wachache kuliko Wajerumani, lakini walifika juu ya vilima vinavyoutazama mji, nao Wajerumani wakiwa chini. Asubuhi ya Septemba 12 walianza kufyatua risasi.

Mapigano yaliendelea hadi jioni. Kapteni Thorne aliuawa. Wajerumani walipoteza Wazungu wengi waliokuwa waongozi wa kikosi, na hilo lilikuwa pigo kubwa kwa jeshi dogo kama lile. Sasa sikia jambo la ajabu. Usiku ulipoingia, askari wa KAR wakiwa wamepungukiwa na risasi walirudi nyuma. Na Wajerumani nao wakaondoka mjini kurudi walikotoka! Kila upande uliuacha uwanja, na mji wa Kisii ukabaki bila mwenyewe.

Watu wengi wakisoma habari hii hucheka. Lakini ukiijua nchi yenyewe hutashangaa. Hebu tupige hesabu pamoja, na mwanafunzi achukue kalamu. Risasi moja ya bunduki za wakati huo ilikuwa na uzito wa gramu 25 hivi. Mpagazi alibebeshwa mzigo wa takriban kilo 25. Basi mtu mmoja hakuweza kubeba zaidi ya risasi 1,000. Bunduki ya rashasha hupiga kiasi cha risasi 500 kwa dakika. Kwa hiyo mzigo ambao mtu ameupandisha kutoka ziwani hadi Kisii, akiteleza na kuinuka, uliweza kwisha kwa dakika mbili.

Dakika mbili! Na nyuma yake hakuna lori la kuleta nyingine. Silaha mpya za Ulaya zilitengenezwa kwa nchi yenye reli na barabara. Zilipoletwa Gusii ziligeuka kuwa midomo inayokula haraka kuliko mikono inavyoweza kulisha.

Mabega yaliyobeba vita

Waliolipa gharama ya hesabu hiyo hawakuwa majenerali. Baada ya pande zote mbili kuondoka, baadhi ya Abagusii waliingia mjini wakachukua mali iliyoachwa madukani na maofisini. Wengi waliamini kwamba utawala wa Mzungu umekwisha. Waingereza waliporudi, waliwaadhibu kwa kuchoma nyumba na kuchukua ng'ombe.

Kisha jeshi likaanza kutafuta mabega. Kadiri vita vilivyoingia ndani ya Tanganyika ndivyo ilivyobainika kwamba nchi ya Afrika Mashariki haikutaka magurudumu. Mwaka 1916 jeshi la Jenerali Smuts lilikwenda na farasi, magari ya kukokotwa na wanyama, malori, hata magari ya deraya ya Rolls-Royce. Farasi na nyumbu waliuawa kwa maelfu na mbung'o na maradhi mengine. Mvua za masika zilipoanza, malori yalizama, na kikosi cha Jenerali van Deventer kilichokuwa kimefika Kondoa kikakatwa na tope kutoka kwa akiba yake. Kilicholetewa kilifika juu ya vichwa vya watu.

Serikali ikawakusanya vijana kwa nguvu katika kile kilichoitwa Carrier Corps, jina ambalo ndimi zetu zililigeuza kuwa Kariokor mjini Nairobi na Kariakoo mjini Dar es Salaam. Nyanza ilitoa watu wengi sana, na Abagusii wakiwamo. Mtu aliyezoea hewa ya baridi ya Nyamira alipelekwa kwenye joto la mto Rufiji, akala unga asioujua, akalala kwenye maji na mzigo wake. Wengi hawakufa kwa risasi. Waliuawa na kuhara, malaria na homa ya mapafu. Rekodi za serikali yenyewe zilihesabu zaidi ya vifo 40,000 vya wapagazi wa upande wa Waingereza, na wanahistoria wengi husema idadi ya kweli ilikaribia 100,000.

Mtu anapokuambia kwamba injini ya lori ilishindwa na mlima, basi, usiishie hapo. Muulize ni nani aliyeuchukua mzigo lori liliposimama.

Je, leo si kuna mashine bora?

Utasema hayo ni ya kale. Lakini tazama yaliyotokea karibu nasi.

Machi 1979, katika vita vya Tanzania na Idi Amin, majeshi ya Tanzania yalikuwa na vifaru na mizinga ya roketi. Walipofika Lukaya, nchini Uganda, barabara ya kwenda Kampala ilipita katikati ya kinamasi kikubwa kama uzi juu ya sufuria ya uji. Gari zito likitoka nje ya barabara limezama. Ikawa askari wengine wanapenya kwenye kinamasi kwa miguu, na brigedi nyingine inazunguka mbali kisha ikarudi kumvamia adui kutoka upande asioutazamia. Miguu iliwatoa mahali ambapo vifaru vingejipanga foleni moja vikingoja kupigwa.

Oktoba 2011 jeshi la Kenya lilipoingia Somalia katika operesheni Linda Nchi, lilikuwa na magari ya deraya, malori, ndege na helikopta. Siku chache tu baadaye mvua ilinyesha. Njia za udongo za Juba ya Chini ziligeuka tope, magari yakakwama, na mwendo wa kwenda Afmadow ukasimama. Mji huo haukuingiwa hadi mwisho wa Mei 2012. Na ilipofika zamu ya Kismayu, Septemba 2012, wanajeshi wengine waliletwa kwa bahari na kutua ufuoni, kwa kuwa maji ya bahari hayana tope.

Karibu miaka 100 imepita kati ya Kisii na Afmadow. Injini imekuwa na nguvu mara nyingi zaidi, bunduki haihitaji tena debe la maji, na redio imechukua nafasi ya tarishi. Lakini udongo uliolowa hausomi magazeti. Bado unataka kujua kitu kimoja tu: umenikanyaga kwa kilo ngapi?

Kwa sababu hiyo majeshi yenye busara hayaanzi na silaha. Huanza na mhandisi wa kupima daraja, na makanika mwenye vipuri vya kutosha, na mwenyeji wa mahali anayejua bonde lipi hupitika mwezi wa Aprili. Helikopta husaidia, ingawa nayo hewa ya juu humpunguzia mzigo anaoweza kuinua, na ukungu wa asubuhi wa vilima vya Nyamira humfungia njia.

Nanyi wazazi wa mjini, Jumapili hii mkipita Kenyatta Avenue jijini Nairobi, simameni kidogo na watoto penye mnara wa kumbukumbu wenye sanamu za Waafrika watatu. Uliwekwa mwaka 1928 kwa ajili ya waliohudumu katika Vita Vikuu vya Kwanza. Maandishi yake, ambayo ni ya Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, hayawataji askari peke yao. Yanawakumbuka wapagazi pia. Waambieni watoto wafanye ile hesabu ya kilo 25 na risasi 1,000. Halafu, kama nyumbani kwenu bado kuna babu au nyanya wa kutoka Kisii au Nyamira, muulizeni kama katika ukoo wenu kuna aliyechukuliwa Kariokor, na kama alirudi. Majibu mengi ya swali hilo hayajaandikwa popote, na kila mwaka wanaoyajua wanapungua.